Mgeni Rasmi Hafutiki

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Nimeambiwa tu kuwa jina hilo ni mali ya serikali, na kulitumia bila kibali ni sawa na kupanda gari la mkubwa bila kualikwa. Inatosha kusema ni nchi nzuri: ina milima, ina mito, na ina viongozi wengi kuliko milima na mito ukiijumlisha pamoja.

Mimi ni Mshamu, mlinzi wa zahanati ya kijiji cha Kisimatupu. Kazi yangu ni kufungua lango na kufunga lango. Habari hii niliiona yote kutoka hapo langoni, na ninaisimulia kwa sababu bado kuna watu wanaosema serikali haikututendea haki. Mimi sisemi hivyo. Mimi nasimulia tu.

Kwanza muelewe habari ya Kapu Kuu. Zamani mtu wa kwetu akitaka kitu alikwenda dukani, au kwa fundi. Serikali ikaona huo ni usumbufu kwa mwananchi. Ikaunda Kapu Kuu la Taifa, duka la mtandaoni lenye kila kitu, na ili wananchi wasije wakachanganyikiwa kwa wingi wa maduka, yale mengine yote ikayafunga. Siku hizi mtu akitaka msumari anauagiza kwa simu. Kaulimbiu ya Kapu ni "Bonyeza, Utulie." Kubonyeza huchukua dakika moja. Kutulia kunategemea.

Sasa, zahanati yetu ilikuwa na kitanda kimoja cha kujifungulia, na mwaka juzi kilivunjika mguu, mama akiwa juu yake. Mama alipona. Habari za mtoto hatukuzizungumza tena, kwa kuwa mama yake, Bi. Tatu, hupita langoni kwangu kila siku akienda mtoni. Tangu hapo wanawake wakawa wanajifungulia sakafuni, juu ya mkeka, na Nesi Siwatu, ambaye magoti yake yana miaka hamsini na sita, alikuwa akipiga magoti pamoja nao.

Msimu ule ufuta ulikubali. Kila nyumba ikatoa debe moja, bila kushurutishwa, jambo ambalo kwetu ni la kushangaza kiasi kwamba mwenyekiti alidhani tunapanga fujo. Tukauza, na Nesi Siwatu akaketi barazani mwa zahanati na simu yake, tayari kuagiza. Pembeni yake aliketi Pandu, fundi redio, ili amsomee maandishi madogo.

Huyu Pandu tulimpenda wote. Alikuwa na ulimi ambao ungeweza kumshawishi mbuzi ajifunge kamba mwenyewe. Mkewe, Mwatime, mshona nguo, alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza baada ya kungoja miaka sita. Kitanda kile tulikitaka sote, lakini Mwatime alikuwa akija kuitazama picha yake kwenye simu ya Nesi mara tatu kwa siku, kama mtu anayetazama picha ya mchumba.

"Kitanda cha kujifungulia, kimoja," Pandu alisoma kwa sauti. "Godoro lake, moja. Tangi la maji, moja. Taa ya sola, moja. Bonyeza, Nesi."

Nesi akabonyeza. Wanawake wakapiga vigelegele. Muda si muda simu ikalia kwa ujumbe: "Hongera! Umeagiza bidhaa tano."

"Tano?" Nesi akauliza. "Mbona nimehesabu nne?"

Pandu akaivuta simu karibu na macho. "Ya tano ni... Mgeni Rasmi. Daraja la Pili, mmoja. Pamoja na msafara, hema, viti, zulia jekundu, utepe, na hotuba, ndefu."

Chini yake palikuwa na maandishi madogo zaidi: Mgeni Rasmi huongezwa kwenye kila agizo la maendeleo ili mwananchi asijione mpweke. Na madogo kuliko hayo: Lori ni moja. Endapo Mgeni Rasmi na vifaa vyake watajaza nafasi, bidhaa nyingine zitasubiri, au hazitasubiri.

Kwa msomaji wa nchi nyingine nifafanue. Kwetu ugeni rasmi ni taaluma. Husomewa miaka mitatu: kukata utepe, kupiga makofi polepole, na kuchelewa. Mgeni wa Daraja la Kwanza huchelewa saa nne, wa Pili saa tatu, wa Tatu saa mbili. Akiwahi, hunyang'anywa cheti.

"Mimi sina haja na mgeni," Nesi Siwatu alisema. "Nina haja na kitanda."

"Mzigo haujaondoka," Pandu akasema, kidole chake kikitelemka kwenye kioo. "Hapa pameandikwa: kabla mzigo haujaondoka, mwagizaji ana haki ya kufuta sehemu ya agizo."

"Basi mfute."

* * *

Kitufe cha kufuta kilikuwepo, nisiwasingizie. Ulipokibonyeza, Kapu lilikuomba ueleze sababu kwa maneno yasiyopungua mia tatu, kwa lugha ya heshima, bila kutumia neno "sitaki". Pandu akakaa na karatasi mchana kutwa. Aliandika barua ambayo hata mimi ningejifuta mwenyewe kama ningeandikiwa. "Kwa unyenyekevu mkubwa," ilianza, "na kwa kutambua uzito wa Mgeni Rasmi katika taifa letu, na uzito wake katika lori..."

Jibu likaja baada ya siku mbili: "Ombi lako la kufuta sehemu ya agizo limekubaliwa. Taa ya sola imefutwa. Asante kwa kutuamini."

Nesi akapiga simu. Akaweka sauti ya nje, nasi tukamzunguka pale barazani. Sauti ya mashine ikasema, "Kwa habari za ufuta, bonyeza moja. Kwa habari za kufuta, bonyeza moja." Mara ya kwanza alielezwa namna ya kukausha ufuta. Mara ya pili alielezwa magonjwa ya ufuta. Mara ya tatu akapokea mtu, akajitambulisha kuwa yeye ni Bwana Lukindo, Afisa Mwandamizi wa Ufutaji wa Sehemu.

"Mama, kwanza pole na majukumu."

"Nimeshapoa, baba. Nataka kumfuta mgeni rasmi."

"Mama, hilo neno umelitumia katika maana ya kawaida?"

"Kwenye agizo, baba. Asije. Lori liniletee kitanda."

"Aa. Nimeuliza kwa sababu simu hizi zinarekodiwa, na kuna wananchi tuliowapoteza kwa neno hilohilo. Sasa mama, mgeni rasmi si bidhaa. Ni heshima. Bidhaa hufutwa. Heshima hukataliwa, na fomu ya kukataa heshima bado haijachapwa."

"Kama si bidhaa, kwa nini mmemtia kwenye kapu?"

"Ili apatikane kwa urahisi."

Nesi akavuta pumzi. "Baba, sikiliza. Nina wajawazito kumi na mmoja hapa. Wanazalia chini kwenye saruji. Huyo mheshimiwa mpelekeni kwa watu wenye nafasi. Mimi nileteeni kitanda."

"Nimekuelewa sana, mama, na nimeguswa. Lakini umepiga simu ya kufuta, na mfumo hauniruhusu kukata simu bila kufuta kitu. Nifute tangi au nifute godoro?"

"Usifute kitu chochote!"

"Hilo halimo. Haya, nimefuta tangi." Kisha, nadhani kwa huruma ya kweli, akaongeza: "Mama, mtume mtu. Aje mwenyewe makao makuu na barua ya kijiji. Siku ya tisa kuanzia leo agizo linafungwa, na likishafungwa, hata mimi siwezi."

* * *

Mtu wa kutumwa hakujadiliwa. Sote tuligeuza shingo tukamtazama Pandu, naye alikuwa tayari amesimama.

Mwatime alimshonea shati jipya kwa siku moja, akitumia kitambaa alichokuwa amekiweka kwa ajili ya arobaini ya mtoto. Asubuhi ya safari tulimsindikiza mpaka langoni. Nesi Siwatu akampa barua yenye mhuri wa zahanati. Iliandikwa: "Mwenye barua hii anasema kwa niaba yetu. Akisema yeye, tumesema sisi." Tuliona ni maneno mazuri.

"Wakikupa kiti usikae," Mwatime alimwambia. "Mtu akishakaa kwao husahau alichokwenda kutafuta."

"Mimi, Mwatime? Nitasimama mpaka kieleweke." Kisha akafanya jambo ambalo waume wa kwetu hawalifanyi mbele za watu: akaweka kiganja juu ya tumbo la mkewe. Sote tukatazama chini. "Wewe na huyu mtalala kitandani. Nakuapia. Na nitarudi kabla hajaja."

Nikamfungulia lango.

Kutoka hapo tulikuwa tunasoma safari yake kwenye simu. Mwatime alikuwa akija zahanati kila jioni jua likiwa bado lipo, anaketi kwenye kigoda changu, na Nesi anamsomea.

Ujumbe wa kwanza ulitufurahisha: "Nimefika. Watu hawa hawana haya. Nimesimama tangu asubuhi, sijapewa hata maji. Huyo mgeni wao nitamfuta leo leo."

Siku ya tatu: "Nimeonana na Bwana Lukindo. Ukimjua si mtu mbaya. Ana watoto wanne."

Siku ya nne: "Nimepewa kiti."

Siku ya tano: "Suala hili ni pana kuliko tulivyolidhania. Tulikuwa tunaliangalia kwa upande wa kitanda tu."

Siku ya saba: "Sisi huku tunawaomba ninyi huko muwe na subira."

Nesi Siwatu akaisoma hiyo mara mbili. "Sisi ni nani?" akauliza.

"Ameandika kwa haraka," Mwatime akajibu. "Simu hizi siku hizi zinajiwekea maneno zenyewe."

Siku ya nane ujumbe haukutoka kwake, ulitoka Kapu Kuu: "Godoro limefutwa kwa ombi la mwakilishi wenu." Nesi akampigia papo hapo. Pandu akapokea kwa sauti ambayo sikuijua. Ilikuwa kama sauti yake iliyopigwa pasi.

"Nesi, hiyo ni mbinu. Katika mazungumzo mtu hutoa kidogo aokoe kikubwa. Nimewaachia godoro."

"Na kitanda?"

"Kitanda ni kipaumbele chetu."

"Mkeo yupo hapa. Zungumza naye."

"Naingia kikaoni, Nesi. Msalimie sana."

Siku ya tisa: "Agizo lako limefungwa. Bidhaa zitakazosafiri: moja. Itafika Alhamisi saa nne asubuhi. Wananchi wajitokeze kwa wingi kupokea bidhaa yao. Kujitokeza ni hiari. Majina ya wasiojitokeza yatachukuliwa."

Haikusema bidhaa gani. Tukatazamana. Wako waliotikisa vichwa, lakini Mwatime alisimama, mkono kiunoni, akasema, "Ni kitanda. Pandu aliniapia, na ninyi mlikuwepo." Akaenda nyumbani, akaunganisha vitambaa vya buluu, akashona shuka la kitanda ambacho hakijapata kulaliwa na mtu. Jumatano yeye na wanawake wengine wakapiga deki chumba cha uzazi mpaka saruji ikang'aa, wakapima kwa hatua mahali kitakapokaa, mbali kidogo na dirisha, ili mama apate upepo asipate jua.

* * *

Alhamisi saa nne asubuhi tulikuwa tumejipanga. Saa tano hakuna kitu. Saa sita hakuna kitu. Ilipofika saa saba kamili ndipo nikasikia ving'ora, nikahesabu kwa vidole. Saa tatu juu ya alama. Lori la kitanda lingeweza kuchelewa saa moja, au siku moja, au mwaka. Kuchelewa saa tatu barabara, bila dakika kuzidi wala kupungua, ni kazi ya mtu aliyesomea.

Magari saba yakaingia, na lori nyuma yake. Wakashusha hema. Wakashusha viti, jenereta, kipaza sauti, zulia jekundu, na jokofu dogo la maji ya Mheshimiwa. Nesi Siwatu akapanda lorini kwa magoti yale yale, akatafuta nyuma ya viti, akainua turubai, akatazama chini yake. Akashuka mikono mitupu.

Kwenye gari la tatu akatoka Pandu. Alivaa suti, na kifuani alikuwa na kibati kilichosomeka: Mratibu wa Furaha ya Wananchi.

Mwatime akamwendea. Alitembea polepole, kwa uzito aliokuwa nao, na watu wakampisha. "Pandu. Kitanda kiko wapi?"

Pandu alitazama kushoto na kulia kabla ya kujibu. "Mwatime, si mahali pake hapa. Hebu kaa upande wa wananchi, nitakuja."

Dereva wa lori, mtu asiyejua lolote, alikuwa amempa Nesi hati ya mzigo ili atie sahihi kwamba amepokea. Nesi akaisoma pale pale, kwa sauti, kidole kikifuata mistari. "Kitanda cha kujifungulia: kimefutwa. Aliyeomba kifutwe: mwakilishi wa kijiji. Sahihi."

Akamwonyesha Mwatime. Mwatime hakuhitaji kuelezwa ni sahihi ya nani. Ilikuwa na mkia mrefu chini ya herufi ya mwisho, kama ile aliyoitia kwenye cheti chao cha ndoa.

"Tulikutuma umfute mgeni," Nesi akamwambia Pandu, taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa.

"Nesi, waliniuliza swali moja tu. Nafasi ni ya kimoja: kitanda, au Mheshimiwa. Na Mheshimiwa mwenyewe alikuwa ameketi pale mbele yangu, ananitazama, anatabasamu. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

"Ningesema kitanda."

"Ni rahisi kusema ukiwa huku," Pandu akasema, akarekebisha tai, akaenda kumfungulia Mheshimiwa mlango.

* * *

Mheshimiwa alikuwa mtu mnene mwenye uso wa kupendeza. Alikaribishwa, akakaribishwa tena na yule yule aliyemkaribisha kwanza, kisha akasimama kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi wa..." akatazama karatasi, "Kisimatupu! Nimesikia mlikuwa mnataka kitanda. Nawauliza: serikali yenu imelala?"

"Haijalala!" tukajibu, maana majina yalikuwa yanachukuliwa.

"Na kama haijalala, ina haja gani na kitanda?"

Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nasema kweli.

"Kitanda ni kitu, ndugu zangu, na kitu huvunjika mguu. Je, mmewahi kusikia mgeni rasmi amevunjika mguu? Hiyo ndiyo tofauti kati ya vitu na maendeleo! Leo nitazindua chumba hiki cha uzazi, na kuanzia leo mama yeyote atakayejifungulia humu atajua kwamba anajifungulia katika chumba kilichozinduliwa!"

Mlango wa chumba cha uzazi ulikuwa umefungwa utepe wa rangi za taifa. Kando yake alisimama Pandu, amebeba mto mdogo wa hariri wenye mkasi juu yake, kidevu juu, macho mbele.

Mwatime alikuwa amesimama juani upande wa wananchi. Niliona ameshika nguzo ya hema, na vidole vyake vimekuwa vyeupe. Nesi naye akaona. Akamwendea, akamwekea mkono mgongoni.

"Uchungu umeanza? Tangu saa ngapi?"

"Tangu nilipoiona ile sahihi," Mwatime akasema.

Nesi akamshika kiwiko, wakaanza kwenda mlangoni, nami nikawafuata, sijui kwa nini. Lango lilibaki peke yake. Pandu akawaona wanakuja. Akanong'ona bila kusogeza kidevu: "Nesi, bado. Ratiba inasema utepe ni baada ya hotuba. Amebakiza kurasa tisa."

"Mkeo anazaa, Pandu."

Hapo ndipo alipomtazama mkewe. Alimtazama kweli, kama Pandu wetu, fundi redio. Nilikuwa karibu, nikauona mkono wake ukiusogelea mkasi. Ukaugusa. Kwenye kipaza sauti Mheshimiwa akakohoa, ili apate kumeza maji tu, na ule mkono ukarudi chini ya mto kama kuku anayerudi bandani.

"Dakika tano tu," Pandu akasema. "Mwatime, jikaze dakika tano."

Mwatime alitembea. Hakuinama kupita chini ya utepe, kwa kuwa kuinama asingeweza. Utepe ukamkaa tumboni, ukavutika, ukavutika, ukakatika.

Watu wa kwetu tumefunzwa vizuri. Utepe ukikatika, makofi hulipuka yenyewe. Uwanja mzima ukapiga makofi na vigelegele, yule wa jenereta akafungulia muziki, na Mheshimiwa, kusikia hivyo, akadhani hotuba yake imekwisha. Akakunja karatasi, akatushukuru kwa usikivu, akaketi.

Ndani ya chumba hapakuwa na kitu. Saruji ilikuwa bado inang'aa kwa deki ya jana. Nesi akaita apewe mkeka, na mkeka ulikuwa umetolewa na watu wa Kapu kwa sababu haukupendeza kwenye picha. Kila mtu akabaki anatazama. Ndipo Bi. Tatu akatoka katikati ya wanawake. Alikwenda moja kwa moja mbele ya meza kuu, akapiga goti, akaanza kulikunja zulia jekundu. Wanawake wengine wakamfuata. Walipofika kwenye viatu vya Mheshimiwa, Mheshimiwa akainua mguu mmoja, kisha wa pili, kwa adabu, akidhani ni sehemu ya burudani.

Mtoto alizaliwa kabla ya alasiri, juu ya zulia lile, juu ya shuka la buluu. Msichana. Alilia kwa nguvu, na nje wakapunguza muziki wasikilize ni kitu gani.

* * *

Muda wa Mheshimiwa ukaisha. Magari yakawashwa, mali zikahesabiwa zinapopandishwa lorini, na ikaonekana zulia halipo. Wakamtuma Mratibu.

Nesi alikuwa ameniweka mlangoni nisiruhusu mtu. Pandu akaja, nikampisha. Nilidhani ninampisha baba wa mtoto.

Alisimama kizingitini. "Ni nani?" akauliza.

"Msichana," Nesi akajibu.

"Mzima?"

"Mzima."

Akamtazama mtoto. Kisha akasema, "Mwatime... zulia ni mali ya Kapu. Limeandikwa kwa jina langu."

Nesi Siwatu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu aliyesomea unesi. Akainuka. Mwatime akamzuia kwa kiganja.

"Pandu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa na hasira, na mimi ningependa angepiga kelele. "Siku ile ulipotia sahihi, ulinikumbuka?"

"Nilikukumbuka." Machozi yalikuwa yanamtoka, nami nashuhudia yalikuwa ya kweli. "Wallahi nilikukumbuka. Nikasema moyoni, Mwatime ana nguvu. Nikasema, yeye ataweza."

Mwatime alimfunika mtoto vizuri na pindo la khanga.

"Basi na hili nitaliweza," akasema. "Nesi, nisaidie nisogee. Mpe zulia lake, magari yanamngoja."

Tukamsogeza kwenye saruji, juu ya khanga mbili. Pandu akalikunja zulia, lilikuwa limelowa, likamchafua suti. Akalibeba begani mpaka langoni, na hapo akasimama, mgongo umetugeukia. Nadhani alikuwa akingoja mtu amwite. Bi. Tatu alikuwepo, na mwenyekiti, na watu wote aliokuwa akiwatengenezea redio. Hakuna aliyemwita. Honi ikalia. Nikamfungulia.

Nasikia mambo yake ni mazuri. Wamempeleka chuo cha ugeni rasmi, na wanasema ana kipaji.

Sisi nasi tuliendelea. Kutengeneza kitanda nje ya Kapu Kuu ni kosa, kwa hiyo seremala wetu alitutengenezea benchi. Ni benchi refu la mninga, lina mahali pa kuegemea mgongo na mahali pa kuweka miguu. Mkaguzi amekuja mara mbili, amelikalia, amelisifu.

Wa kwanza kulilalia alikuwa Mishi, mdogo wake Mwatime. Alichukua mchana mzima. Mumewe, mchoma mkaa, mtu asiyejua kusema maneno mawili yakafuatana, aliketi chini ukutani tangu mwanzo mpaka mwisho, na mtoto alipotoka alilia kuliko mtoto. Mwatime alikuwa mlangoni, mtoto wake amemfunga mgongoni. Alimtazama yule bwana kwa muda mrefu, kisha akageuka, akaenda kuchochea moto wa maji.